Msamaha wa Uchunguzi: Habari za Njia, Meli na Reli za Mbinga na Pwani ya Ziwa Nyasa

Nakusudia katika makala hii kueleza jambo moja la sheria kwa njia ya historia na ya lugha. Jambo lenyewe ni hili: je, kazi za uchukuzi zinazosemwa kuwa ni endelevu, kama vile reli, meli, mabasi ya umma na njia za baiskeli, zafaa kusamehewa lile sharti la kuchunguzwa athari zake kwa mazingira kabla ya kujengwa? Swali hili limejadiliwa zaidi katika nchi za mbali, hasa Marekani. Lakini nchi ya Mbinga na ile pwani ya Ziwa Nyasa iliyo katika Mkoa wa Ruvuma ina habari za kutosha za kutusaidia kulijibu, kwa kuwa kwa muda wa karibu miaka mia kazi za uchukuzi katika nchi za kusini zilifanyika pasipo sharti kama hilo, na matokeo ya baadhi ya kazi hizo yanajulikana.

Yafaa kwanza tueleze nchi yenyewe. Milima ya Umatengo hufikia kiasi cha meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kutoka huko nchi hushuka kwa ghafula mpaka ziwani, ambako maji yako kiasi cha meta 475 tu. Mto Ruvuma una chanzo chake katika milima hiyo hiyo, nao hauendi ziwani bali huelekea mashariki mpaka Bahari ya Hindi. Upande wa pili mito midogo huteremka magharibi kuingia Nyasa. Kwa hiyo mtu akichimba mlima wa Umatengo ili kupitisha njia, udongo wake waweza kwenda pande mbili, ziwani au baharini. Wamatengo walilifahamu jambo hili zamani. Kilimo chao cha ngoro ni ushahidi: wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatana katika miraba, na wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika, hata mlima mzima ukajaa mashimo yenye matuta pande zote. Mvua ikinyesha, maji hutua shimoni wala hayakimbii na udongo. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliuchunguza ufundi huo wakausifu. Twaweza kusema, basi, kwamba kupima athari kabla ya kugusa ardhi si desturi ngeni katika nchi hii, ingawa jina la kisheria la desturi hiyo ni jipya.

Njia ya kwanza ya masafa marefu tunayoijua vizuri ni ile ya misafara, iliyotoka Kilwa ikafika ziwani, na watu wakavuka kwa majahazi mpaka Kota Kota, ambako akina Jumbe walikuwa wamejenga makao katika karne ya 19. Njia hiyo ilileta Kiswahili ziwani, na kwa sababu hii sisi wanafunzi wa lugha huitaja kwa shukrani. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba mizigo yake mikubwa ilikuwa pembe na watu waliofanywa watumwa. Ukiitazama njia yenyewe tu, ilikuwa njia ya miguu isiyo na moshi, wala haikukata mlima wala kuziba mto. Kama tungeipima kwa chombo chake bila kutazama alichokibeba, tungeihesabu kuwa njia njema kuliko zote. Hilo ni funzo la kwanza: njia haipimwi kwa chombo peke yake, bali pia kwa kile kinachopita juu yake na kwa watu wanaokaa kando yake.

Baada ya majahazi zikaja meli. Ya kwanza ilikuwa Ilala, iliyoletwa vipande vipande na wamisionari wa Scotland mwaka 1875. Wajerumani wakaleta Hermann von Wissmann mwanzoni mwa miaka ya 1890, na misheni ya Universities' Mission ikaleta Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901 na kuitwa kwa jina la askofu aliyezama ziwani mwaka 1895. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann hapo Liuli, mahali palipoitwa na Wajerumani Sphinxhaven, na shambulio hilo lahesabiwa miongoni mwa mapigano ya kwanza ya majini katika Vita Kuu. Habari hizi zimeandikwa mara nyingi. Lisiloandikwa mara nyingi ni kwamba meli hizo zilikula kuni, nazo kuni zilikatwa katika nchi za ufuoni. Hakuna aliyeulizwa miti mingapi ikatwe, wala ni upande gani. Neno letu *meli* lenyewe limetoka katika neno la Kiingereza la barua za posta: waliolipokea walikitambua chombo kwa faida yake, yaani barua zilizofika. Gharama yake haikupata jina.

Kisha ilikuja fikira ya reli. Wajerumani walitaka sana reli ya kusini itakayotoka Kilwa mpaka Wiedhafen, ambayo leo ni Manda, penye mlango wa mto Ruhuhu. Katika miaka ya 1904 na 1905 Paul Fuchs alitumwa kuchunguza nchi hiyo, na taarifa yake ilipigwa chapa. Msomaji wa leo akiisoma ataona kwamba uchunguzi ulifanyika kwa bidii, lakini ulikuwa uchunguzi wa mali: pamba, mpira, mifugo na idadi ya watu watakaofanya kazi. Swali lililoulizwa lilikuwa ni nini nchi itaipa reli, wala si nini reli itaifanyia nchi. Reli hiyo haikujengwa.

Reli iliyojengwa kusini ni ile ya karanga, nayo yastahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, kwa sababu ya upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe wa watu watatu chini ya Bwana John Wakefield. Ujumbe huo ulitumia muda wa majuma tisa tu kuitazama Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na sehemu kubwa ya nchi waliiona toka angani. Kwa taarifa hiyo mpango ulipitishwa wa kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Nachingwea ikachaguliwa kuwa mojawapo ya mahali pa mashamba, bandari mpya ikachimbwa Mtwara, na reli ikajengwa kuziunganisha. Reli na bandari zilikuwa zikitengenezwa kabla karanga hazijathibitika kuota. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na kiasi cha pauni milioni 36 za serikali zikafutwa katika hesabu. Reli iliendelea kwa shida mpaka mwaka 1962, kisha ikafungwa na mataruma yakang'olewa.

Sababu ya kuieleza habari hii si kuwacheka wale waliokosea. Walikuwa na haja ya kweli, maana watu wao walikuwa wakipewa chakula kwa kipimo. Haja hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya kuuharakisha uchunguzi. Twaona hapa kwamba msamaha si lazima uandikwe katika sheria. Uchunguzi wa majuma tisa juu ya nchi tatu nao ni msamaha wa namna yake. Nao wakulima walioondolewa katika ardhi iliyofyekwa hawakurudishiwa msitu wao pale hesabu zilipofungwa London.

Sasa tuje kwenye sheria. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilianzishwa kwa Sheria Na. 19 ya mwaka 1983, lakini sharti lenye nguvu la kuchunguza kwanza lilikuja na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004. Kifungu cha 81 kilimtaka mwenye mradi wa aina zilizotajwa afanye tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza kazi. Kanuni za mwaka 2005 ziliigawa miradi katika mafungu mawili, ile isiyo na budi kuchunguzwa, na ile iliyoweza kuchunguzwa au kuachwa baada ya kutazamwa. Mwaka 2018 kanuni hizo zilibadilishwa, mafungu yakaongezwa kwa kufuata ukubwa wa athari, na muda wa shughuli ukafupishwa. Kwa hiyo Tanzania haikosi ngazi. Mradi mdogo hauchukuliwi sawa na mradi mkubwa. Lakini kipimo cha ngazi hizo ni athari, wala si sifa njema ya chombo.

Huko California, Marekani, mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Sheria yao ya mazingira ya mwaka 1970 ilitumiwa na watu wachache kuzuia hata kazi zilizofaa. Mji wa San Francisco ulikuwa na mpango wa njia za baiskeli. Mwaka 2006 mahakama iliuzuia kwa kuwa haukuchunguzwa inavyotakiwa, na zuio halikuondolewa kabisa mpaka mwaka 2010. Hapana shaka kwamba hili ni jambo la kusikitisha: sheria iliyotungwa kulinda hewa ikaizuia baiskeli isiyochafua hewa. Ndipo mwaka 2020 ikatungwa sheria ya kuzisamehe kazi za uchukuzi endelevu, na mwaka 2022 muda wake ukaongezwa. Lakini wasomaji waangalie masharti yake. Msamaha ule ulikuwa wa kazi zinazofanyika ndani ya eneo la njia iliyokwisha kuwapo, zisizoongeza nafasi ya magari, wala zisizobomoa nyumba za watu wa kipato kidogo. Na mradi unaozidi dola milioni 100 ulitakiwa kufanyiwa mikutano ya hadhara. Kwa maneno mengine, wenyewe waliotoa msamaha hawakuutoa kwa jina la uchukuzi endelevu peke yake.

Hapa yafaa tuyatazame maneno, maana mijadala mingi ya namna hii hutatizwa na maneno kabla ya kutatizwa na mambo. *Tathmini* yatoka katika shina moja na *thamani*. Kutathmini ni kukitia kitu thamani. *Mazingira* yatoka katika *zinga* na *zingira*. Ni yale yatuzungukayo, na sisi tu katikati yake, kwa hiyo neno la Kiswahili halimtengi mtu na miti na maji. *Msamaha* ni neno la watu wawili: mmoja ana haki ya kudai, mwingine ana deni au kosa, na mwenye haki ndiye anayesamehe. Tunaposema mradi umesamehewa uchunguzi, lugha yenyewe yatuuliza: ni nani aliyekuwa na haki ya kudai, na je, ndiye aliyesamehe? Ikiwa deni ni la mwenye mradi kwa mvuvi wa Liuli, serikali ikilisamehe, imesamehe deni ambalo si lake peke yake.

Neno *endelevu* ndilo lenye shida zaidi. Limeundwa kwa kanuni nzuri: *enda*, *endelea*, *endelevu*, kama vile *sikia*, *sikivu*, na *tulia*, *tulivu*. Kwa umbo lake lamaanisha kitu chenye tabia ya kuendelea. Halisemi lolote juu ya moshi wala juu ya nguvu inayoendesha chombo. Basi, tukilipima kwa umbo lake, reli ya Nachingwea iliyokufa baada ya miaka michache haikuwa endelevu, ingawa ilikuwa reli. Na mtumbwi wa Mnyasa ulioendelea kwa mamia ya miaka ni endelevu bila kuombewa cheti. Wataalamu wa sheria wakitaka kulitumia neno hili kuwa mlango wa msamaha, hawana budi kulipa maana iliyopimwa, la sivyo kila mwenye reli au meli ataingia kwa mlango huo.

Maana hiyo ina uzito kwa Mbinga na Nyasa leo. Tangu mwaka 2004, nchi za Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilipopatana juu ya ushoroba wa maendeleo wa Mtwara, imetajwa tena na tena reli ya kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga. Njia hiyo mwanzoni hupita nchi ile ile ya kusini iliyoiona reli ya karanga ikija na ikiondoka. Reli hutumia mafuta machache kuliko malori kwa kila tani ya mzigo, nalo ni jambo la kweli. Lakini Mchuchuma ni mahali pa makaa ya mawe, na huko Ngaka katika Wilaya ya Mbinga makaa yamechimbwa tangu mwaka 2011 na kuchukuliwa kwa malori. Reli ikijengwa ili makaa yatoke kwa wingi zaidi, je, tuiite endelevu kwa ajili ya gurudumu lake, au tuulize juu ya mzigo wake? Twarudi kwenye funzo la njia ya Kilwa.

Kuna pia habari ya mbasa. Samaki huyu hukaa ziwani lakini hupanda mito kutaga, na Ruhuhu ni mmoja wa mito anayoipanda. Mto ukijaa tope la machimbo ya njia, au daraja likijengwa vibaya, hasara haitaonekana darajani. Itaonekana katika nyavu za watu wa Lituhi na Manda. Injinia aliye hodari sana kwa madaraja aweza asilijue hili. Mvuvi alijua. Njia ya kumkutanisha injinia na mvuvi kabla ya kazi kuanza ni huo uchunguzi tunaousemea.

Nafika sasa kwenye hoja ambayo, kwa maoni yangu, ni ya wanafunzi wa lugha hasa. Taarifa kamili za athari kwa mazingira huandikwa kwa Kiingereza, nazo ni vitabu vikubwa. Lakini kanuni za mwaka 2005 zilitaka taarifa iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, ulioandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Muhtasari huo ni mfupi, na mara nyingine Kiswahili chake ni kigumu, kimefasiriwa neno kwa neno hata msomaji akachoka. Hata hivyo una cheo cha pekee. Mkataba wa mkopo, michoro ya mainjinia na zabuni havimjii mwanakijiji kwa lugha yake. Mradi ukisamehewa uchunguzi, muhtasari nao huondoka pamoja na uchunguzi. Mtu wa Mbamba Bay atabaki na tingatinga na hotuba ya uzinduzi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Itakuwa ajabu ikiwa tutakipa Kiswahili mahakama kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili tukikinyang'anya ile karatasi inayomwezesha mtu kusema kabla hajawa na haja ya kwenda mahakamani.

Kwamba watu hufika mahakamani wasiposikilizwa mapema, Lamu ni shahidi. Bandari ya huko ilijengwa kuwa mwanzo wa njia kuu ya kwenda Sudan Kusini na Ethiopia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba wavuvi wa Lamu hawakushirikishwa inavyopasa, ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76, na ikataja pia haki ya utamaduni wao. Wakati uliookolewa kwa kuwapita watu ulirudi kudaiwa, na riba juu yake.

Walakini itakuwa si haki kunyamaza juu ya upande wa pili. Watu wa pwani ya Nyasa wamengoja sana. Barabara ya lami kutoka Peramiho mpaka Mbinga, kilometa 78, ilijengwa kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2008. Kilometa 66 za Mbinga mpaka Mbamba Bay zikaja baadaye kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Meli ya abiria ya Mbeya II ilianza kazi mwaka 2021 tu. Kabla ya hapo, mgonjwa wa Liuli wakati wa masika alitegemea mtumbwi na rehema ya mawimbi. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na wazee hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mithali zote mbili ni za kweli, na kazi ya sheria ni kujua ni wakati gani ifuate ipi. Tena yafaa tuangalie kwamba barabara hizo mbili zilijengwa chini ya masharti ya uchunguzi ya wakopeshaji na wafadhili wenyewe, juu ya sheria yetu, na bado zilijengwa. Kilichowachelewesha watu wa Nyasa kwa miaka mingi kilikuwa ni fedha na umbali wa macho ya serikali. Sharti la uchunguzi halikuwapo katika sehemu kubwa ya miaka hiyo.

Kwa hiyo natoa maoni haya. Kazi ndogo zifanyikazo mahali palipokwisha kujengwa, kama njia ya waendao kwa miguu na baiskeli kando ya barabara ya mji wa Mbinga, kituo cha basi, au kukarabati gati lililopo, zaweza kusamehewa uchunguzi mrefu bila hofu, na ngazi za kanuni za mwaka 2018 zinatosha kuwa msingi wa jambo hilo. Reli mpya, bandari mpya, na njia inayokata mlima wa ngoro au kuvuka mto wa mbasa zisisamehewe, hata zikiitwa kwa jina zuri namna gani. Na hata pale msamaha unapotolewa, ule muhtasari wa Kiswahili usisamehewe. Usomwe kijijini kabla jembe halijagusa ardhi, nao uandikwe na watu wanaokijua Kiswahili, wakisaidiwa na wenyeji wa Kimatengo, Kimpoto, Kinyasa na Kimanda kwa majina ya samaki, udongo na upepo ambayo Kiswahili sanifu bado hakina.

Kazi hiyo ya mwisho ni yetu sisi wa taasisi za lugha. Wanasheria watapanga mafungu ya miradi na mainjinia watapima miteremko. Lakini msamiati wa ziwa, yaani majina ya mikondo, ya fufu za samaki, ya namna za mchanga wa ufuoni, haujakusanywa wote, na walio nao wanazeeka. Ningefurahi iwapo wasomaji wa jarida hili walio karibu na Mbamba Bay, Liuli na Lituhi wangeanza kuuandika sasa, ili siku taarifa ya reli itakapoletwa mbele ya watu, yawepo maneno ya kuijibu.